Elfu Ishirini na Tano za Mwinjilisti Wetu

Jumapili ile hesabu haikulingana. Tulikuwa watu wanne ndani ya kile chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu tunachokiita sakristia. Vikapu vilikuwa vimemwagwa mezani, noti zimenyooshwa, sarafu zimepangwa kumi kumi. Mimi ndiye niliyekuwa mhazini wa mtaa wetu wa kanisa. Nikahesabu, mzee mwenzangu akahesabu, tukabadilishana mafungu tukahesabu tena. Sadaka ya siku hiyo ilikuwa sawa. Kasoro ilikuwa kwenye bahasha ya Jumapili iliyotangulia, iliyokuwa imefungiwa kabatini ikisubiri kupelekwa usharikani. Ilipungua shilingi elfu ishirini na tano.

Mwinjilisti alikuwa amesimama mlangoni, kanzu bado mwilini. Akasema bila kuzunguka kwamba amezichukua yeye. Usiku wa Jumatano kijana mmoja wa mtaani kwetu alimgongea mlango, mkewe ameshikwa na uchungu, mvua inamwagika, na mwenye gari aliyekubali kwenda hospitali usiku ule alitaka fedha mkononi kwanza. Kijana hakuwa nazo. Mwinjilisti naye hakuwa nazo, ila ufunguo wa kabati alikuwa nao. Mama yule alifika hospitali na mtoto akazaliwa salama.

"Risiti iko wapi?" mzee mmoja akamuuliza.

Risiti haikuwapo. Hapakuwa na karatasi yoyote. Mpaka giza linaingia, habari ilikwishafika dukani na kwenye bomba la maji kwamba mwinjilisti anakula sadaka. Jumapili mbili zilizofuata alihubiri mbele ya watu ambao wengi wao waliinamisha vichwa, na haikuwa kwa sala. Baadaye yule kijana alisimama kanisani, mtoto mikononi mwa mkewe, akaeleza yote, na mambo yakatulia. Lakini mimi sikutulia. Siku moja nikamfuata mwinjilisti nyumbani kwake nikamuuliza kama kule chuoni aliwahi kufundishwa namna ya kutoa fedha ya kanisa.

Akafikiri kidogo. "Tulifundishwa tusipende fedha, mama," akaniambia. "Kuziandika hatukufundishwa."

Kwa msomaji asiyelijua Kanisa la Kilutheri la Tanzania, nieleze kidogo. Usharika mmoja una mitaa kadhaa, na mchungaji ni wa usharika mzima. Huko vijijini mchungaji anaweza kufika mtaani kwenu mara moja kwa mwezi, pengine pungufu ya hapo, akaja kubatiza na kutoa Chakula cha Bwana, kisha akaondoka kwenda mtaa mwingine. Siku zote zilizobaki ni za mwinjilisti na wazee wa kanisa. Wakatoliki wana makatekista wao, Waanglikana wana makatekista pia, Wamoraviani na Wapentekoste nao wana watu wao wa namna hiyo. Majina yanatofautiana, kazi ni ileile.

Mnijalie niitaje wiki moja ya mwinjilisti wetu kama nilivyoishuhudia. Jumapili alihubiri, kisha akaendesha mnada wa mazao, mayai na kuku wawili na mkungu wa ndizi, mpaka saa saba mchana. Jumatatu alikuwa msibani. Jumanne akakaa na mume na mke waliokuwa wamefukuzana, kila mmoja akimvuta upande wake. Jumatano ndiyo ule usiku wa mvua. Alhamisi alikuwa na watoto wa kipaimara, na binti mmoja wa darasa la sita alibaki nyuma wenzake walipotoka, akasema jambo ambalo mtu mzima akilisikia analala macho wazi. Ijumaa alikuwa shambani kwake, maana posho anayopewa haitoshi kulisha nyumba. Jumamosi akashika Biblia na kalenda ya kanisa kuandaa neno la kesho. Haya yote anayabeba kwa mafunzo ya miaka miwili aliyoyapata akiwa kijana asiye na mke, na baada ya hapo hakuna aliyemwita darasani tena.

Hili halikuanza leo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha na wamisionari wa Kijerumani wakawa wameondolewa, sharika nyingi za huku kwetu zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji, na ibada hazikukoma. Vita ya pili ilipokuja wakaondolewa tena, na watu walewale wakashika tena. Chuo cha kuwaandaa wachungaji kilianzishwa Lwandai, kule Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira karibu na Arusha mwaka 1954, na leo ni chuo kikuu. Ndugu zetu Waanglikana wa Kenya wana historia ndefu zaidi. Chuo cha Limuru walichokianzisha kilianza mwaka 1903 Freretown, Mombasa, pale palipokuwa makazi ya watumwa waliokombolewa, kikahamia Limuru mwaka 1930. Na Waanglikana wa hapa Tanzania, kule Kongwa, mkoani Dodoma, wamekuwa wakifundisha watumishi tangu mwaka 1914. Ninamshukuru Mungu kwa vyuo hivi vyote. Mchungaji aliyenifundisha kipaimara alitoka Makumira, na mpaka leo nakumbuka alivyotufafanulia sala ya Baba Yetu ombi kwa ombi.

Ila chuo cha namna hiyo humtaka mtu aondoke. Mwinjilisti mwenye miaka arobaini na mitano, mke, watoto wanne, mama mzee na heka mbili za mahindi, atamwachia nani hivyo vyote kwa miaka mitatu? Akienda, mtaa unabaki mtupu. Isitoshe, wengi wao hawana vyeti vya kidato cha nne vinavyodaiwa mlangoni. Basi anayekwenda chuo ni kijana, jambo ambalo ni zuri, na yule anayebeba mzigo sasa hivi anabaki nje ya hesabu.

Kinachomfikia ni semina. Nimehudhuria nyingi, na ninasema kwa moyo wa upendo kwamba nyingi hazikutufaa. Naikumbuka moja iliyofanyika mjini, ukumbini, bango kubwa lenye rangi limetundikwa mbele, mada ni maono na uongozi wenye matokeo. Mtoa mada alizungumza vizuri. Alituonyesha picha za makanisa yenye watu elfu tano na mabasi ya kubebea waumini. Tulikula chakula kizuri, tukalipwa nauli, saa kumi na moja kila mmoja akapewa cheti chenye jina lake. Njiani kurudi nilikaa kiti kimoja na mwinjilisti wetu. Alikuwa ameshika kile cheti kwa mikono miwili, ndani ya bahasha ya kaki, kisipate vumbi. Nikamuuliza Jumapili ijayo atafanya nini tofauti. Alikaa kimya kitambo kirefu, na nikajuta kumuuliza, maana kosa halikuwa lake. Hakuna hata mtu mmoja katika semina ile aliyewauliza wainjilisti wiki zao zikoje.

Mwaka 1963, mwaka uleule ambao makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, Wapresbiteri wa Guatemala, huko Amerika ya Kati, walikuwa wanakuna vichwa juu ya jambo hilihili. Seminari yao ilikuwa inachukua vijana kutoka vijijini, na wengi wao, wakishamaliza, hawakurudi kuchunga kule walikotoka. Wakati huohuo, wazee walioongoza sharika za vijijini, watu wazima wenye familia na mashamba, hawakuwa na njia ya kufika darasani. Walimu watatu wa seminari ile, Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler, wakaigeuza kazi. Mwanafunzi akabaki kwake na kazi yake, vitabu vikamfuata nyumbani, na mwalimu ndiye akafunga safari kwenda kukutana na vikundi. Mpango huo ukasambaa Amerika ya Kusini, Asia na Afrika. Kwetu unaitwa Elimu ya Theolojia kwa Enezi, na wengi tunasema TEE, kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza.

Walimu wa TEE hupenda kutoa mfano wa uzio. Ule mti wa juu ni masomo anayojisomea mtu nyumbani. Mti wa chini ni kazi anayoifanya kila siku. Nguzo zinazoishikilia miti yote miwili ni yale makutano ya kila wiki, ambapo watu hukaa pamoja na kuuliza: nililosoma juzi limeonana wapi na nililokutana nalo jana? Nguzo zikikosekana, miti huanguka chini. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nimefundisha miaka thelathini na mbili, na mfano huu niliuelewa papo hapo, kwa sababu nimewaona watoto wanaokariri kitabu kizima na wakashindwa kupima shamba la baba yao.

Nilipostaafu nilimwomba mchungaji wetu ruhusa ya kuanzisha kikundi. Akatupatia vitabu kutoka dayosisi na baraka zake, na akaahidi kuja kutusahihishia mitihani. Tukaanza watu kumi na mmoja, Jumanne saa kumi jioni, kanisani, kwenye mabenchi mawili tuliyoyageuza yatazamane. Mwinjilisti alikuwamo, wazee wanne, mwenyekiti wa akina mama, kijana wa kwaya na wengine. Hadi Krismasi tulikuwa sita. Mvua ni mvua, na mtu hawezi kuacha palizi kwa ajili ya sura ya pili ya Warumi. Sikuwalaumu. Tulichofanya ni kuhesabu miezi ya kilimo na kupanga upya, tusome kwa nguvu kuanzia mavuno mpaka mvua za vuli, na wakati wa palizi tukutane mara moja tu kwa mwezi. Tangu tufanye hivyo, idadi haijashuka tena.

Kuna mzee mmoja kikundini ambaye husoma akiweka kidole chini ya kila neno. Aliishia darasa la nne. Kwa wiki za mwanzo hakusema lolote, na mimi, kwa mazoea ya ualimu, nilidhani hajaelewa. Siku tuliyosoma habari za Apolo katika Matendo ya Mitume, yule msemaji hodari aliyekuwa anaujua ubatizo wa Yohana peke yake, mzee akaweka kidole pale Prisila na Akila walipomchukua kwao, akasema, "Hawakumsahihisha mbele za watu. Walimpeleka nyumbani." Kisha akamgeukia mwinjilisti. "Na sisi siku ile ya bahasha tulipaswa kukupeleka nyumbani. Nisamehe, ndugu yangu." Ni yeye aliyekuwa ameuliza ile risiti. Mwinjilisti alisimama wakashikana mikono juu ya meza, na hatukusoma tena jioni ile.

Wiki iliyofuata tuliacha kitabu kando nikafundisha fedha. Ilinichukua saa moja na nusu tu. Nilinunua daftari la hesabu la kawaida tukachora safu: tarehe, maelezo, mapato, matumizi, baki. Nikaonyesha hati ya malipo ilivyo, nani anaomba, nani anaidhinisha, nani anapokea, na kwa nini watu hao watatu wasiwe mtu mmoja. Nikawaambia kwamba ufunguo wa kabati uwe kwa mtu mmoja na kitabu cha fedha kwa mwingine. Tukakubaliana kutenga fungu la dharura, elfu hamsini, ambalo mwinjilisti anaweza kulitumia usiku bila kuita kikao, mradi alete maandishi ndani ya siku tatu. Baraza la wazee likapitisha. Miezi minne baadaye mwinjilisti aliniletea kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari la mtoto: "Nimepokea elfu kumi na mbili nauli ya kumpeleka mgonjwa zahanati," sahihi ya dereva wa bodaboda, namba yake ya simu, na tone la oili kwenye kona. Nakitunza mpaka leo kwenye faili la kwanza.

Jambo lililonibadilisha zaidi lilitokea tulipokuwa katika kitabu cha Ruthu. Tulikuwa tunamzungumza Naomi, mjane aliyerudi kwao mikono mitupu, na mwenyekiti wa akina mama akasema yuko Naomi mmoja nyuma ya kanisa letu. Tulimfahamu sote. Mumewe alizikwa kwa liturujia yetu, kwaya yetu ikaimba, na siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kikao, wakamwomba mwinjilisti afungue kwa sala na kufunga kwa sala. Katikati ya sala hizo mbili, shamba la yule mama liligawanywa. Mwinjilisti alikuwa amekaa pale pale.

"Sikujua kama nina ruhusa ya kusema," akatuambia, na sauti yake ilikuwa chini.

Tulimwalika msaidizi wa kisheria kutoka mjini, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Alikaa na sisi Jumanne mbili. Alitufafanulia kwamba kikao cha ukoo hupendekeza jina la msimamizi wa mirathi, na anayemteua ni mahakama. Alisema muhtasari wa kikao unapaswa kuandikwa, na msimamizi si mrithi wa mali yote, ni mtu wa kukusanya, kulipa madeni na kugawa kwa wanaostahili. Alizungumzia wosia, na akatuuliza ni wangapi pale tumeandika. Mkono haukuinuka hata mmoja, wangu ukiwamo. Nimeandika tangu hapo.

Miezi michache baadaye ukatokea msiba mwingine, na kikao kingine. Mwinjilisti alifungua kwa sala, kisha hakukaa. Akasema kwa heshima zote, "Wazee wangu, naomba mama mwenye nyumba aitwe akae hapa nasi, na pawe na mtu wa kuandika." Mzee wa ukoo alimtazama kwa muda mrefu. Mjane akaitwa. Sitasema kila kitu kilikwenda sawa, maana kesi ile ilichukua zaidi ya mwaka. Ila yule mama bado analima shamba lake.

Na yule binti wa darasa la sita? Wakati ule mwinjilisti alifanya alichokijua: alimwombea, akaenda kuzungumza na familia, familia ikasema italimaliza ndani. Halikuisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa miaka mingi hakuna mtu kanisani kwetu aliyeijua, wala mimi mwalimu sikuwahi kuisema madhabahuni. Siku hizi namba ya ofisa ustawi wa jamii wa kata imebandikwa ndani ya mlango wa sakristia. Kila mwalimu wa watoto anaisoma siku anayoanza kazi, na hatuoni aibu kusema kwamba tuliibandika kwa kuchelewa.

Majirani zetu wamelichukua suala la mafunzo kwa mkono wa serikali. Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayowataka viongozi wasimamizi wa taasisi za dini wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo, ikawapa miaka mitano wale waliokuwa hawana. Mwaka 2024 maelfu ya nyumba za ibada zilifungwa baada ya ukaguzi, nyingine kwa sababu ya ubovu wa majengo. Kenya, baada ya msiba wa Shakahola uliogunduliwa mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ilifukuliwa katika msitu wa kaunti ya Kilifi, serikali iliunda kikosi kazi kikaangalia namna ya kusimamia mashirika ya dini. Nililia nilipoziona picha za Shakahola. Naelewa kwa nini watu wanadai wahubiri wasome.

Lakini namfikiria yule mzee wangu wa darasa la nne. Ukimdai shahada, unamwondoa, na atakayekaa mahali pake huenda ana cheti na hana ule moyo wa kumpeleka Apolo nyumbani. Mimi ningependa dayosisi na makanisa yote yajiulize kwanza: katika bajeti ya mwaka huu, mwinjilisti wa mtaa wa mwisho kabisa ametengewa nini cha kujifunza? Paulo alimwandikia Timotheo kwamba yale aliyoyasikia awakabidhi "watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine." Waaminifu tunao. Wako mitaani, wana majembe mabegani.

Simu imesaidia pia. Kijana wa kwaya hutuma sura ya wiki kwa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, akiisoma yeye mwenyewe, na yule mzee huisikiliza akiwa anachunga mbuzi, kisha jioni anaifuata kwa kidole. Wako wanaosoma kozi za cheti kwa intaneti kutoka vyuo vikubwa, na mwanamke mmoja wa mtaa jirani amemaliza hivyo na sasa anajiandaa kwenda kusomea uchungaji. Nilipokuwa binti, mlango huo haukuwapo. Kanisa letu lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hata hapo hazikuwa dayosisi zote. Nilimpa Biblia yangu ya masomo, ile yenye maandishi yangu pembeni.

Mwezi wa kumi na moja baraza la usharika litakaa kupitisha makisio ya mwaka ujao. Nimeandika ombi la ukurasa mmoja kwa niaba ya mitaa yote sita, siyo wetu peke yake. Linaomba vitabu vya TEE vya watu sitini, nauli ya mchungaji ya kuzungukia vikundi mara nne kwa mwaka, na siku mbili za msaidizi wa kisheria kila mtaa. Jumla yake ni pungufu ya gharama ya vipaza sauti vipya tulivyochangia mwaka jana. Mwinjilisti ameomba alisome yeye ombi hilo mbele ya baraza, na Jumanne iliyopita alikaa na mimi mpaka taa zikawashwa, tunapitia hesabu mstari kwa mstari, akaniuliza kila tarakimu imetoka wapi.